Kutambua Chapa ya Difu Kuukuu: Somo la Sayansi kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa Oldeani kwa mazoezi ya kufundisha mara nyingi huandika katika ripoti yake kwamba zana za kufundishia Sayansi ni haba. Maneno hayo yanafaa kuchunguzwa. Ni kweli kwamba shule inaweza kukosa maabara. Lakini mahali penye mashamba ya kahawa, matrekta, malori ya vitunguu yatokayo Mang'ola na magari ya watalii yapandayo Ngorongoro hapawezi kukosa mashine. Nyuma ya kila gereji kuna lundo la vyuma ambavyo watoto huvipita kila siku wakienda shuleni. Makala haya yanaeleza jinsi kimoja cha vyuma hivyo, yaani difu kuukuu ya gari, kinavyoweza kutumiwa kwa vipindi vitatu vya dakika arobaini kumfundisha mtoto kutazama, kuhesabu, kukisia na kuthibitisha.

Difu tunayoikusudia si difu ya kawaida. Ni ile ambayo mafundi huiita difu ya LSD, inayopunguza mtelezo wa gurudumu moja, na tena iwe imetengenezwa na kampuni nyingine isiyo ile iliyounda gari, kisha ikafungwa baadaye. Swali la somo ni moja tu: difu hii ni ya chapa gani? Swali linaonekana jepesi, na hapo ndipo penye faida yake, kwa kuwa karibu kila mtu hulijibu upesi, na wengi hulijibu kwa makosa.

Kwa nini swali hili lina uzito Oldeani

Udongo wa miteremko ya mlima Oldeani una rutuba, lakini masika ukilowa hushika gurudumu kama sabuni. Barabara kuu ya kwenda lango la Ngorongoro ina lami. Njia za kuingia mashambani na vijijini nyingi hazina. Kushuka ndani ya kreta, ambako ukuta wake una kina cha mita zipatazo 600, huruhusiwa magari yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne tu. Kwa hiyo wenye magari hutafuta kila namna ya kuyapa magurudumu nguvu ya kushika ardhi, na difu ya LSD iliyotumika ni mojawapo ya vipuri wanavyovinunua, vingine vikiwa vimeletwa kutoka Japani au nchi za Ghuba bila kitabu wala sanduku lake.

Mnunuzi akiambiwa jina lisilo sahihi, hasara haiishii kwenye fedha aliyolipa. Difu za LSD hazitumii mafuta ya namna moja. Zile zenye sahani za klachi huhitaji mafuta ya gia yaliyotiwa dawa maalumu ya kulainisha msuguano. Zikikosa dawa hiyo hulia na kutetemeka gari likikata kona, na sahani huliwa upesi. Zile zenye gia za mshazari hufanya kazi kwa msuguano wa gia zenyewe, na mtengenezaji wa moja ya chapa zinazojulikana sana, Detroit Truetrac, hupendekeza mafuta ya madini yasiyo na dawa hiyo. Basi mtu aliyekosea jina huenda akakosea mafuta, na difu nzuri ikaharibika ndani ya nyumba yake bila mtu kujua sababu. Mtoto wa Oldeani ambaye baba yake au mjomba wake ni dereva au fundi hatahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni kubwa.

Yampasayo mwalimu kuyajua kwanza

Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoyawezesha magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti huku yote yakipewa nguvu na injini. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya kutumia mpango huu katika gari la mvuke mwaka 1827, na mpaka leo msingi wake haujabadilika. Dosari yake ni kwamba difu ya kawaida huyapa magurudumu yote mawili nguvu iliyo sawa. Gurudumu moja likiwa juu ya tope, ambako nguvu kidogo tu hulizungusha, basi na lile lililo pakavu hupata nguvu hiyo hiyo kidogo, na gari halitoki.

Wanafunzi hawataelewa maneno haya kwa kuambiwa. Weka rula mezani. Mbele ya kila ncha ya rula weka kitabu, vitabu viwe sawa. Sukuma rula katikati kwa kidole kimoja: vitabu vyote viwili vinakwenda. Sasa ondoa kitabu kimoja, uweke badala yake kiberiti kitupu, na usukume tena. Kiberiti kinakimbia, rula inageuka, kitabu kimebaki. Huo ndio mtelezo wa gurudumu moja. Mwisho, ibane rula katikati kwa kidole gumba na cha shahada ili isigeuke kwa urahisi, kisha sukuma mara ya tatu. Kitabu nacho kinakwenda. Mwulize mwanafunzi ni kitu gani kilichobadilika, naye atasema mwenyewe: "Mwalimu, umeibana." Difu ya LSD ni difu iliyobanwa, lakini isibanwe kabisa. Zana hii haina gharama, nami naiona bora kuliko mchoro wowote wa ukutani niliowahi kuuona, maana mchoro hausukumwi.

Kuna namna tatu za kubana zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni sahani za klachi zilizopangwa pande mbili za gia za ndani na kukandamizwa kwa springi. Ya pili ni koni: vipande viwili vya chuma vyenye umbo la faneli vinavyosukumwa vishikane na kuta za kasha, Auburn ya Marekani inajulikana kwa namna hii. Ya tatu ni gia za mshazari, kama Torsen, iliyobuniwa na Vernon Gleasman wa Marekani na kupata hataza mwaka 1958, na kama Quaife ya Uingereza na Truetrac iliyokwisha kutajwa. Mbali na hizo kuna difu zinazofunga kabisa, ambazo si LSD ingawa sokoni huuzwa kwa jina hilo. Detroit Locker ni mfano mmoja, na Air Locker ya ARB ya Australia ni mfano wa pili.

Majina yanayodanganya

Ukiwapa watoto difu iliyosafishwa kwa mafuta ya taa na kuwaambia watafute chapa yake, watafanya kama afanyavyo mtu mzima: watatafuta neno lililoandikwa. Waache walitafute. Watalipata, na mara nyingi litakuwa jina la kitu kingine.

Difu haikuundwa kwa kipande kimoja. Juu ya kasha imefungwa gia kubwa ya duara, ambayo mafundi huiita kraunwili, nayo husukumwa na gia ndogo iitwayo pinioni. Kraunwili na pinioni hutengenezwa pamoja, na ukingoni mwake huchapwa namba za meno na pengine alama ya kiwanda. Lakini mtu anaponunua difu ya LSD ya kampuni nyingine, kwa kawaida hununua kasha na vilivyomo ndani yake tu. Kraunwili ya zamani hufunguliwa bolti na kuhamishiwa kwenye kasha jipya. Kwa hiyo jina lililo juu ya kraunwili linaweza kuwa la Toyota na kasha likawa la kampuni iliyo bara jingine. Hata beringi zilizo pande mbili za kasha zina majina, tena makubwa na yanayosomeka vizuri, kama Koyo au Timken. Mwanafunzi mwenye macho makali atakuja mbio na jina la beringi. Asikemewe. Aulizwe tu: "Jina hili limechapwa juu ya kipande gani, na kipande hicho kinaweza kuondolewa?"

Mtego mwingine ni wa jina lenye maana mbili. Land Rover ndefu za inchi 109 za Series III, zilizoanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilifungwa nyuma ekseli ya Salisbury. Jina Salisbury lilikuwa la mtengenezaji wa ekseli, na nyingi za ekseli hizo zilikuwa na difu ya kawaida kabisa. Lakini katika lugha ya mafundi wa Uingereza, aina ya LSD yenye sahani za klachi nayo huitwa Salisbury. Mtu akisikia kwamba difu ni "ya Salisbury" huenda akaamini ni LSD, kumbe aliyesema alikuwa anataja nyumba yake.

Kibati cha utambulisho kilichomo katika gari nacho huelezwa kama ushahidi wa mwisho. Katika Toyota Land Cruiser, kibati hicho hubeba herufi na namba za ekseli, na mwenye ufunguo wa namba hizo huweza kujua uwiano wa gia na aina ya difu. Ni habari za kweli, lakini ni habari za siku gari lilipotoka kiwandani. Kibati hakijui kilichofungwa gereji miaka kumi baadaye. Hapa mwalimu asipite upesi. Mtoto akielewa kwamba maandishi ya kweli yanaweza kujibu swali ambalo hukuuliza, amejifunza jambo litakalomsaidia hata katika Historia.

Kama kuna namba iliyotokea pamoja na chuma cha kasha lenyewe wakati wa kumiminwa, au iliyochongwa ndani ya kasha, hiyo inakaribia kuwa ushahidi, kwa kuwa haiwezi kufunguliwa bolti. Wanafunzi waipake chaki, waifute kwa kiganja ili chaki ibaki ndani ya mikato, kisha wainakili kama ilivyo, pamoja na mistari na nukta zake. Rangi na karatasi iliyobandikwa visihesabiwe.

Kuhesabu na kupima

Baada ya majina kutiliwa shaka, darasa lihesabu. Meno ya kraunwili yakiwa 41 na ya pinioni 10, uwiano ni 41 gawanya kwa 10, yaani 4.10: propela huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara 1. Meno 39 kwa 10 ni 3.90. Meno 46 kwa 13, yanayopatikana katika Land Rover nyingi, ni karibu 3.54. Mahesabu haya yafanywe kwa mkono, ubaoni, na kila kikundi kihesabu meno upya kikianzia jino lililotiwa chaki. Vikundi vitatofautiana. Vikitofautiana, visikilizane bila mwalimu kutoa jibu.

Kisha yahesabiwe meno ya ndani, pale ncha ya hafshafti inapoingia. Hafshafti ni shafti fupi inayotoka kwenye difu kwenda gurudumuni. Land Rover zenye difu ya Rover zilikuwa na meno 10 hapo zamani, na za baadaye 24. Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser huwa na meno 30. Mwalimu aeleze waziwazi kwamba hesabu hii haitaji chapa ya LSD. Inataja gari ambalo difu ilikusudiwa. Lakini ukilijua gari, umewapunguza watengenezaji wanaowezekana, kwa sababu si kila kampuni iliyotengeneza difu kwa kila gari. Kipenyo cha kraunwili kipimwe pia. Ya inchi 9.5, iliyo ya kawaida katika Land Cruiser kubwa, ni karibu milimita 241. Asiye na kalipa atumie vipande viwili vya ubao vilivyonyooka na rula.

Kuchungulia ndani

Makasha mengi yana madirisha. Kwa tochi, mtoto anaweza kuona kilichomo bila kufungua bolti hata moja. Akiona gia nne za kawaida zenye umbo la koni na kando yake kingo nyembamba nyingi zilizopangana kama kurasa, hizo ni sahani. Akiona vijiti vinene vya chuma vyenye meno ya mshazari, vimelala sambamba na shafti ndani ya mifuko ya kasha, ni gia za mshazari za namna ya Truetrac au Quaife. Torsen ya kwanza ilikuwa tofauti: gia zake ndogo zimekaa kukingama shafti. Asipoona gia za katikati hata moja, bali meno makubwa yanayokamatana uso kwa uso, aiwazie Detroit Locker. Na akiona bomba jembamba la hewa limeingia kando ya beringi, hiyo ni difu ya kufungwa kwa upepo. ARB ndiyo iliyoieneza sana namna hii, baada ya kununua ubunifu wa Roberts mwaka 1987, lakini bomba peke yake halitoshi kutaja jina, kwa kuwa zipo nyingine za namna hiyo.

Jaribio la magurudumu, na hatari yake

Fundi akiulizwa kama gari lina LSD, kwa kawaida huyainua magurudumu yote mawili ya nyuma, huweka gia huru, huachia breki ya mkono, na kuzungusha gurudumu moja kwa mkono. Gurudumu la pili likizunguka kinyume, husema difu ni ya kawaida. Likizunguka upande ule ule, husema ni LSD. Jaribio hili lina thamani, ila hukumu yake ya kwanza si kamili, na kipindi cha tatu chote kinaweza kutumika kuonyesha kwa nini.

Gurudumu la pili kuzunguka upande ule ule maana yake ni kwamba kuna kitu kinachobana hata wakati hakuna mzigo: sahani zenye springi, koni, au difu inayofunga kabisa. Kuzunguka kinyume kuna maelezo yasiyopungua manne. Huenda difu ni ya kawaida. Huenda ni LSD ya sahani ambazo zimekwisha kuliwa. Huenda ni ya gia za mshazari, ambazo nyingi hubana zikipata mzigo tu, na gurudumu lililo hewani halina mzigo. Au huenda ni ya kufungwa kwa upepo, na upepo haujafunguliwa. Mwalimu ayaandike maelezo yote manne ubaoni, kisha aulize kila moja lingethibitishwa vipi. Mazungumzo yawe kama haya:

"Gurudumu limekwenda kinyume. Nani anasema ni difu ya kawaida?"

Mikono mingi itainuka.

"Kipindi kilichopita tuliona nini dirishani?"

"Gia za mshazari, Mwalimu."

"Basi yapi tuyafute, na lipi libaki?"

Darasa linalofikia hapo limeshinda jaribio la fundi kwa kuliunganisha na lililoonekana kwa macho, nalo limefanya hivyo bila kumdharau fundi. Ni vema fundi mwenyewe aalikwe, aitwe kwa heshima yake, na aelezwe kabla ya kipindi kwamba watoto watauliza maswali.

Jaribio hili lisifanywe na wanafunzi. Fundi alifanye kwenye gari lililozimwa, lililokaa juu ya stendi imara na si jeki peke yake, magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa kwa mawe, na watoto wamesimama nyuma ya mstari uliochorwa mbali. Ipo sababu inayotokana na somo lenyewe. Gari lenye difu ya kawaida, gurudumu moja likiwa hewani na injini ikaunguruma katika gia, gurudumu hilo huzunguka bure. Lenye LSD, lile gurudumu lililo chini hupata nguvu, na gari huweza kuruka kutoka kwenye jeki. Mtu aliyeambiwa difu yake ni ya kawaida, kumbe siyo, anaweza kuumia kwa jambo hilo. Difu yenyewe ikiwa darasani iwekwe sakafuni juu ya gunia, ibebwe na watu wazima wawili, na kingo zake zifutwe, kwa kuwa vipande vidogo vya chuma huchoma vidole.

Daftari la mwanafunzi

Kila mwanafunzi achore ukurasa wenye safu tatu: Nimeona, Nadhani, Nitajuaje. "Meno 30 ndani" ni la safu ya kwanza. "Ni ya Land Cruiser" ni la safu ya pili mpaka kraunwili ipimwe. Mtoto atakayeandika jina la chapa katika safu ya kwanza kwa sababu alilisoma kwenye beringi arudishiwe daftari bila alama ya kosa, bali na swali. Katika shule za Oldeani wapo watoto wengi ambao nyumbani husema Kiiraqw, na maneno kama sambamba, kukingama na mshazari huwa mageni kwao. Yafundishwe kwa vijiti viwili kabla ya difu kuletwa.

Swali litakaloulizwa mwishoni ni kama darasa limeitaja chapa. Mara nyingine litaitaja, kama namba ya kasha ikisomeka na maumbo yakakubaliana nayo. Mara nyingine halitaitaja. Hapo jibu sahihi ni la aina tu, na liandikwe hivyo: "Ni LSD ya sahani, ya gari lenye hafshafti ya meno 30, chapa haijathibitishwa." Jibu hilo lipewe alama zote. Kwa mwenye gari linatosha kuchagua mafuta, na kwa mwalimu linaonyesha kwamba mtoto amejua mahali pa kusimama. Mwanafunzi aliyetaja chapa sahihi kwa kubahatisha, bila safu ya tatu kujazwa, apewe nusu.

Kazi ya nyumbani iwe ya trekta. Matrekta mengi ya mashambani, kama Massey Ferguson, yana kikanyagio kidogo cha kufunga difu. Wanafunzi wamwulize dereva hukikanyaga lini, hukiachia lini, na hutokea nini akikisahau wakati wa kukata kona. Majibu wayalete yakiwa katika safu zile zile tatu.